Kutoka Bowling Green hadi Indianapolis: Safari katika Barabara Inayopandishwa Hadhi

Jumatatu, Bowling Green hadi Mayfield

Barabara ya I-165 inaanzia kwenye I-65 nje kidogo ya Bowling Green, Kentucky, na kwa mtu aliyehamia mji huu baada ya mwaka 2019 hakuna kitu kinachomwonyesha kwamba iliwahi kuwa na jina jingine. Ngao yake ni ileile ya bluu na nyekundu inayobandikwa kwenye barabara zote kuu zinazounganisha majimbo ya Marekani. Waliokuwapo kabla ya hapo, wakiwamo Wakongomani na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili ambao mji huu umekuwa ukiwapokea kama wakimbizi, wanaikumbuka kwa jina la Natcher. Lilikuwa jina la mbunge William Natcher, aliyepiga kura 18,401 mfululizo katika Baraza la Wawakilishi bila kukosa hata moja, hadi alipopelekwa kupiga kura za mwisho akiwa mgonjwa mwaka 1994. Ni mtu anayestahili kuachiwa barabara, na sikufurahi kuona namba ikichukua nafasi yake kwenye mabango makubwa.

Mpwa wangu ndiye aliyeshika usukani. Yeye huendesha lori la mizigo katika njia hizi kila wiki, nami nilipata kufanya kazi ya upimaji wa barabara nyumbani Tanzania kabla ya kuja huku. Tulikubaliana kutumia likizo yake kuipita polepole, kwa gari dogo, njia ambayo yeye huipita kwa haraka na usiku: sehemu ya I-69 kutoka magharibi mwa Kentucky hadi Indianapolis, pamoja na barabara zinazoilisha. Sehemu yake kubwa imetengenezwa kwa kuchukua barabara iliyokuwapo na kuipandisha hadhi, na nilitaka kuona kwa macho kazi hiyo inahusu nini hasa.

Kentucky ilianza na mtaji mzuri. Kati ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 jimbo lilijenga mtandao wa barabara za kulipia tozo, zenye njia mbili kila upande, zilizotenganishwa katikati kwa ukanda wa majani, bila taa za kuongozea magari na bila njia panda za usawa mmoja. Hii iliyoitwa Green River kabla ya kuitwa Natcher ilifunguliwa mwaka 1972, na tozo yake ilifutwa Novemba 2006 pamoja na ile ya Audubon, zikiwa za mwisho kufutwa katika mtandao huo. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba kuifanya barabara kama hii kuwa ya kati ya majimbo ni suala la kubadilisha mabango tu.

Tulipotoka kwenye makutano moja kabla ya Beaver Dam ndipo nilipoelewa kwa nini haikuwa hivyo. Wahandisi wa zamani waliviweka vibanda vya tozo katikati ya makutano yenyewe, ili watozaji walewale wapokee fedha za waliokuwa wakipita moja kwa moja na za waliokuwa wakiingia au kutoka. Njia za kuingilia zilizungushwa kwa kona kali hadi kwenye vibanda, na sehemu ya kuongezea mwendo kabla ya kujiunga na magari mengine ilikuwa fupi sana. Haikumdhuru mtu, kwa sababu kila gari lilisimama hapo kulipa. Vibanda vilipoondolewa, magari ya njia kuu yakaanza kupita kwa maili 70 kwa saa, karibu kilomita 113, huku yanayoingia yakiibuka kutoka kwenye kona ile ile fupi. Muundo uliokuwa salama kwa miongo mitatu ukawa hatari bila mtu kugusa hata jiwe moja. Makutano mengi ya aina hiyo yamelazimika kuvunjwa na kujengwa upya kwa umbo la kawaida la almasi, na ukitazama kwa makini bado unaona duara la majani mabichi zaidi pale njia ya zamani ilipong'olewa na kufukiwa kwa udongo.

Beaver Dam tuliiacha I-165 na kushika barabara ya Western Kentucky kuelekea magharibi, kupitia nchi ya makaa ya mawe ya Muhlenberg. Kipande hiki kilipangiwa kuwa I-569. Hakikunivutia sana. Nortonville tuliingia I-69, tukapita Dawson Springs, tukashiriki njia na I-24 tukivuka mto Cumberland na mto Tennessee, kisha tukageuka kusini hadi Mayfield, mji ambao kimbunga cha Desemba 10, 2021 kiliufumua katikati na ambao hadi leo una viwanja vitupu mahali palipokuwa na majengo ya matofali mekundu.

Jumanne, Mayfield hadi Henderson

Asubuhi tuligeuza gari kurudi kaskazini. Barabara hii iliitwa Purchase, na alama za I-69 ziliwekwa kati ya Mayfield na I-24 mwaka 2018. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, kando yake yalisimama mabango yaliyotangaza kuwa huu ni ushoroba wa I-69 ya baadaye. Mpwa wangu anasema madereva waliyazoea kiasi cha kutoyaona tena.

Bango la namna hiyo lina historia ndefu kuliko ukubwa wake. I-69 ya asili ilitoka Indianapolis hadi Michigan, mpaka wa Kanada. Mwaka 1991 Bunge la Marekani liliingiza katika sheria wazo la kuirefusha kusini, na mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Meksiko ulioanza mwaka 1994 ukalipa wazo hilo nguvu, kwa kuwa malori yangeweza kutoka Port Huron hadi mipaka ya Texas kwa namba moja. Mwaka 2008 Bunge lilizitaja barabara hizi za Kentucky kuwa sehemu ya I-69 ya baadaye. Lakini kutajwa huko hakukuja na hundi. Mtandao wa awali, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1956, ulilipiwa na serikali kuu kwa asilimia 90. Barabara inayopewa hadhi ya baadaye siku hizi inashindania fedha pamoja na miradi mingine yote ya jimbo. Jimbo linapewa muda, ambao kwa sheria ya sasa ni miaka 25, wa kuifikisha barabara kwenye viwango, na likishindwa hadhi hiyo huondolewa.

Viwango vyenyewe si siri. Kila njia iwe na upana wa futi 12, yaani mita 3.6. Bega la kulia, yaani ukingo wa pembeni mwa njia, liwe la lami au zege na lifikie futi 10, la kushoto futi 4. Daraja linalopita juu ya barabara vijijini liache nafasi ya futi 16, karibu mita 4.9, ili lori lenye mzigo mrefu lisiligonge. Barabara za tozo za Kentucky zilikuwa karibu sana na viwango hivyo, ila karibu haitoshi: daraja lililopungukiwa na sentimita chache lazima liinuliwe kwa jeki au lami iliyo chini yake ichimbwe na kushushwa. Vizuizi vya chuma vya pembeni vilivyokuwa vifupi hubadilishwa, na mabega membamba hupanuliwa hata pale ambapo tuta halina nafasi.

Gavana Steve Beshear, ambaye alikulia Dawson Springs, ndiye aliyesimamia kuwekwa kwa ngao za I-69 kati ya Eddyville na Nortonville mwaka 2011. Nortonville hadi Henderson, iliyokuwa Pennyrile, ikafuata mwaka 2015. Kanuni iliyotumika ilikuwa ya busara: sehemu iliyokaribia viwango ikubaliwe mapema, na kasoro zilizobaki ziandikiwe ratiba ya kurekebishwa. Wapo waliosema ni kuweka ngao kabla ya kazi. Mimi naona vingine, kwa sababu jimbo lenye ngao ukutani lina aibu ya kuacha kazi nusu, na lisilo nayo halina.

Kuanzia Madisonville kwenda kaskazini ardhi hulala. Nilikuwa nikiangalia kitu kimoja tu: uzio. Pande zote mbili, umbali wa hatua kadhaa kutoka kwenye mfereji, wavu wa waya unaenda sambamba na barabara bila kukatika, kilomita baada ya kilomita, na hakuna lango hata moja la shamba, duka au kanisa linalofungukia barabarani. Uzio huu ulikuwapo tangu siku za tozo, maana jimbo lisingeruhusu watu waingie bila kulipa. Kwa maneno mengine, jambo gumu kuliko yote katika kupandisha hadhi barabara lilikwishafanyika hapa miaka ya 1960, kwa sababu nyingine kabisa, na kizazi cha sasa kimerithi kazi iliyobaki, ambayo ni ya lami, zege na chuma.

Jumatano, Henderson na mto Ohio

Huko Henderson I-69 inakatika. Magari yanamwagwa kwenye US 41, barabara ya kawaida yenye taa za kuongozea magari, vituo vya mafuta, maduka ya matairi na mikahawa ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kila kimoja kikiwa na mdomo wake wa kuingilia.

"Mjomba, hapa ndipo ninapokula muda wangu wote," alisema mpwa wangu tulipokuwa tumesimama kwenye taa, lori moja mbele yetu na jingine nyuma. "Naweza kutoka Mayfield hadi hapa bila kugusa breki, halafu taa moja inanishika mara mbili."

Tuliegesha tukaenda kunywa kahawa kwenye mkahawa mdogo wa mama mmoja ambaye alizungumza nasi kwa muda mrefu, kwa kuwa asubuhi ilikuwa tulivu. Kwake yeye taa ile ni mtaji. Dereva anayesimama hutazama kushoto na kulia, huona bango, hukumbuka njaa. Anajua kuwa daraja jipya la I-69 litapita mashariki mwa mji, na kwamba malori yatakapohamia huko watabaki wenyeji. Hakuwa na hasira. Alisema wenyeji nao hula, ila hula polepole na huondoka na kidogo.

Kuvuka mto kunafanywa kwa madaraja mawili ya chuma yaliyosimama bega kwa bega, moja la mwaka 1932 linalobeba magari yaendayo kaskazini na jingine la mwaka 1965 linalobeba yaendayo kusini. Mpango ulioidhinishwa mwaka 2021 ni kujenga daraja jipya la njia nne kwa ajili ya I-69, kuliacha la mwaka 1932 liwatumikie wenyeji kwa pande zote mbili, na kuliondoa la mwaka 1965. Nilifurahi kuona mzee akiachwa na kijana akistaafishwa. Daraja jipya litatozwa tozo na la zamani halitatozwa. Jimbo lililofuta tozo za barabara hizi kwa sherehe limejikuta likizirudisha mlangoni, na sidhani kuna njia nyingine, kwa sababu daraja la mto mpana kama Ohio haliwezi kupatikana kwa kupandisha hadhi kitu kilichopo. Haya ya zamani hayana mabega, njia zake ni nyembamba, na pande zote mbili yanatua kwenye US 41 na milango yake yote.

Kazi upande wa Kentucky ilianza mwaka 2022. Kutoka kwenye daraja la juu linalovuka eneo la ujenzi tuliona matuta ya udongo mwekundu wa kahawia yakiwa yameshapanda hadi kimo cha paa la nyumba, magreda yakisawazisha tabaka, na gari la maji likinyunyizia mbele ya mashine ya kushindilia. Ardhi ya bonde la mto ni laini, na tuta hukaa kwanza literemke kwa uzito wake kabla ya kuwekewa lami. Kwa mpita njia inaonekana kama kazi imelala.

Baada ya kuvuka madaraja tuliona uwanja wa mbio za farasi wa Ellis Park. Uko ng'ambo ya kaskazini ya mto, lakini bado ni Kentucky, kwa kuwa mpaka wa majimbo uliwekwa kwa kufuata ukingo wa mto wa mwaka 1792 na mto wenyewe umehama tangu wakati huo. Mbele kidogo tukaingia Indiana bila maji yoyote kutuonyesha mpaka, tukaikuta I-69 tena pembezoni mwa Evansville. Barabara hii ya kuzunguka mji iliitwa I-164 na ilibadilishwa namba mwaka 2014. Huko hakukuwa na zaidi ya mabango.

Alhamisi, Evansville hadi Bloomington

Siku hii naieleza kwa kifupi, maana sehemu kubwa ya njia si barabara iliyopandishwa hadhi. Ni mpya kutoka mwanzo, iliyokatwa katika mashamba ya mahindi na soya, vinamasi na vilima. Lakini haiwezi kurukwa, kwa sababu ubishi mkubwa wa I-69 Indiana ulikuwa juu ya hilohilo: kwa nini tujenge mpya wakati ipo ya kupandisha?

Wapinzani, wakiwamo kikundi cha wananchi kilichojulikana kama CARR, walipendekeza kwa miaka mingi kwamba magari yapelekwe kwa US 41 hadi Terre Haute na kutoka hapo kwa I-70 hadi Indianapolis. Njia hiyo ni ndefu kidogo, lakini ingetumia barabara zilizokuwapo na kuokoa misitu na mashamba. Mwaka 2003 Gavana Frank O'Bannon alichagua njia ya moja kwa moja kupitia Bloomington. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba kusini-magharibi mwa Indiana kumesahauliwa na kwamba wilaya zake hazitapata uhai kwa barabara inayozipita mbali. Fedha zilipatikana baada ya Gavana Mitch Daniels kuikodisha barabara ya tozo ya kaskazini mwa jimbo mwaka 2006, kwa miaka 75, kwa dola bilioni 3.8. Kipande cha Evansville hadi Crane kilifunguliwa mwaka 2012, na kutoka Crane hadi Bloomington mwaka 2015.

Nilipoipita nilivutiwa na daraja refu la bonde la mto Patoka, ambako barabara inatembea juu ya nguzo kwa muda mrefu ili isiifukie mbuga ya ndege wa majini. Kati ya wilaya ya Gibson na ile ya Pike saa inasogea mbele kwa saa moja, jambo ambalo kwa dereva wa lori mwenye miadi ya kushusha mzigo si dogo. Katika wilaya ya Daviess wanaishi Waamish wengi, ambao husafiri kwa magari ya kukokotwa na farasi. Tuliona moja likipita juu yetu kwenye daraja la juu, farasi akitembea bila haraka, malori yakinguruma chini yake. Crane kuna kituo cha jeshi la majini, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Karibu na Bloomington mlima umepasuliwa, kuta za mawe ya chokaa zimesimama pande zote mbili, na wajenzi walilazimika kuyapima mashimo na mapango ya chini ya ardhi ili maji machafu ya barabarani yasiingie kwenye chemchemi. Ni mawe ya eneo hilihili yaliyofunika jengo la Empire State la New York.

Katika njia yote hii mpya hakuna aliyenyang'anywa mlango wa barabarani, kwa sababu barabara haikuwapo. Watu walinyang'anywa ardhi, mashamba yakakatwa vipande viwili, lakini hilo ni jambo jingine.

Ijumaa, Bloomington hadi Indianapolis

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Kutoka Bloomington hadi kwenye barabara ya mzunguko ya I-465, I-69 inakalia palepale ilipokuwa barabara ya jimbo namba 37. Ilikuwa tayari na njia nne na ukanda katikati, na kwa mgeni ingeonekana kuwa karibu na viwango kama zile za Kentucky. Tofauti ilikuwa uzio. Barabara namba 37 haikuwahi kuwa na uzio wa kuwazuia watu. Kila shamba, kila kanisa, kila duka la matrekta na kila kitongoji kilikuwa na mlango wake, na kila baada ya umbali mfupi ukanda wa katikati ulikuwa na tundu la kukata kwenda ng'ambo.

Kutoka Bloomington hadi Martinsville, maili 21, kazi ilitolewa kwa ubia wa serikali na sekta binafsi mwaka 2014, ikachelewa, jimbo likalazimika kuichukua mwaka 2017, na ikamalizika mwaka 2018. Kutoka Martinsville hadi I-465, maili 26, sawa na kilomita 42, iligharimu takriban dola bilioni 2. Ukizilinganisha na kazi za Kentucky, ambako umbali mrefu zaidi ulifikishwa kwenye viwango kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, utaona bei ya mlango.

Tulitoka kwenye njia kuu kusini mwa Martinsville na kuingia kwenye barabara ya huduma, ile inayojengwa sambamba na kubwa ili wenye mali wapate pa kupitia. Mahali pamoja nilimwomba mpwa wangu asimame. Njia ya changarawe ya nyumba moja ya zamani ilikuwa bado inaonekana, imenyooka kuelekea I-69, na ilikuwa ikiishia kwenye wavu. Sanduku la barua lilikuwa limehamishiwa upande wa nyuma wa nyumba, kwenye barabara mpya, kwa hiyo nyumba hiyo sasa inapokea wageni kwa mgongo wake. Baraza la mbele, lenye viti viwili, linatazama malori.

Mkazi wa Dar es Salaam anayekumbuka alama nyekundu za X kwenye kuta za Kimara na Mbezi mwaka 2017, wakati Barabara ya Morogoro ilipotakiwa kupanuliwa hadi Kibaha, ataielewa haraka hali hii, ingawa hapa hakuna X. Kule ilibishaniwa hifadhi ya barabara: nani yumo ndani yake na nani amesimama nje. Hapa mipaka ya viwanja haikubishaniwa. Ardhi iliyochukuliwa ililipiwa, kama Katiba ya Marekani inavyotaka, lakini mtu ambaye ardhi yake haikuguswa na ambaye sasa huzunguka kilomita kadhaa kufika dukani ana hoja dhaifu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Indiana, katika shauri la kituo cha maduka cha Evansville, iliamua kwamba kupungua kwa magari yanayopita mbele ya mali hakuhesabiwi kuwa serikali imeichukua mali hiyo, madhali milango yenyewe ya kuingilia haijaondolewa. Kwa mantiki hiyohiyo, ingawa yeye yuko Kentucky, yule mama wa mkahawa wa Henderson huenda asilipwe kitu, na hakuna atakayekuwa amevunja sheria.

Martinsville yenyewe ilifanyiwa jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa barabara kubwa namna hii. Badala ya kujenga huku magari yakipita, njia moja ikifungwa na nyingine ikifunguliwa kwa miaka, idara ilifunga kabisa barabara namba 37 ndani ya mji Januari 2021 na kuifungua Desemba mwaka huohuo. Magari yote yalipelekwa kwenye michepuko. Mpwa wangu alikuwa akipita huko wakati huo na bado analalamika. Kitaalamu naona walikuwa sahihi, kwa sababu mkandarasi anayepewa eneo tupu huchimba, hushindilia na kumimina zege bila kuhamisha koni kila jioni, na mji ukiumia mwaka mmoja umeumia kwa jumla. Lakini ni rahisi kwangu kusema hivyo, sina duka Martinsville.

Pale palipokuwa na njia panda zenye taa sasa pana daraja la juu au makutano kamili, na uamuzi wa kipi kiwekwe wapi ndio uliokuwa siasa yote ya mradi. Mtaa uliopewa makutano una bahati: hoteli na vituo vya mafuta huufuata. Mtaa uliopewa daraja la juu tu unaweza kuvuka lakini hauwezi kuingia. Mtaa ambao haukupewa chochote umekatwa, na barabara yake imemalizikia kwenye duara la kugeuzia magari. Tulikaa kwa muda karibu na daraja moja la juu nje ya mji na kuona mashine ya kuvuna mahindi ikivuka, kubwa kiasi cha kuchukua upana wote, ikifuatwa na trekta lenye behewa la nafaka. Mashine hiyo hairuhusiwi kwenye I-69. Zamani mkulima aliikata barabara namba 37 moja kwa moja kupitia tundu la katikati, akisubiri nafasi kati ya magari, na watu walikufa kwenye matundu hayo. Sasa anazunguka hadi kwenye daraja, anatumia muda na mafuta zaidi, na anafika. Madaraja haya yaliongezewa upana kwa ajili ya wakulima, na nadhani ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine yoyote niliyoiona wiki hii.

Kaskazini zaidi, kuanzia Smith Valley hadi Southport, mashamba yanageuka vitongoji na barabara inapanuka. Zaidi ya taa kumi za kuongozea magari ziliondolewa kati ya Martinsville na I-465. Magari yaliruhusiwa kufika hadi kwenye I-465 Agosti 2024, na hivyo Evansville na Indianapolis, maili 142, zikaunganishwa bila taa hata moja. Makutano ya I-465 bado yalikuwa na mapipa ya rangi ya chungwa tulipofika, njia zikiwa zimesogezwa kando na mafundi wakiendelea na upanuzi wa barabara ya mzunguko.

I-69 inajificha ndani ya I-465 kwa upande wa mashariki wa jiji na kutokea tena kaskazini-mashariki, ambako ndiko ilikoanzia siku zote. Hapo mpwa wangu, ambaye huenda Fort Wayne mara kwa mara, aliuliza kwa nini njia ya kutokea ya mtaa wa 96 ina namba 203 wakati barabara ilikuwa ikianzia jirani tu na hapo. Nilimweleza kwamba zamani ilikuwa namba 3. Namba za kutokea huhesabiwa kwa maili kutoka mpaka wa kusini wa jimbo, na mwaka 2012, wakati kipande cha Bloomington kilikuwa hakijafunguliwa na barabara namba 37 ilikuwa bado na milango na taa zake zote, idara ya barabara ya Indiana iliongeza 200 kwenye kila namba kaskazini ya jiji ili kuacha nafasi ya barabara ambayo haikuwapo.

"Walikuwa na uhakika, mjomba," alisema.

Tulitoka kwa namba 203 kutafuta mafuta, na kituo cha kwanza tulichokiona kilikuwa ng'ambo ya njia panda yenye taa.